Nyuki wa Mgongoni

Dokta Gaudensi alimwambia Recho ainamishe kichwa mpaka kidevu kiguse kifua. Recho akainamisha, na hapo hapo akashtuka pale kitandani, akashika kiuno kwa mikono miwili.

"Umesikia nini?" dokta akauliza.

"Kama nyuki, dokta. Wanashuka mgongoni mbio mpaka miguuni, halafu wanapotea."

Helena, mama yake, alikuwa amekaa kwenye benchi la ukutani na rozari mkononi, akisali bila sauti. Aliposikia habari ya nyuki midomo yake ikasimama katikati ya sala. Mtoto hakuwahi kumwambia jambo hilo. Lakini maneno yenyewe Helena alikwisha kuyasikia, tena kwa mtu mwingine.

Ilikuwa Alhamisi ya Oktoba, mwaka tisini na sita, na joto la Mpanda lilikuwa limeingia mpaka ndani ya wodi. Dokta Gaudensi alikuwa bingwa wa mishipa ya fahamu. Alisoma ng'ambo, na alipita Mpanda kwa nadra sana. Kwa kuwa alikuwa Mfipa, alikuwa amewapokea kwa utani. "Nyie Wasukuma wa Mwamkulu, leo ng'ombe mmewaacha na nani?" Helena akamjibu, "Tumewaficha, dokta. Tulisikia kuna Mfipa yuko mjini." Wakacheka wote, hata Recho. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka.

Dokta alikuwa amesikiliza kila kitu kwa utulivu. Jinsi jicho la kushoto la Recho lilivyoingia giza, likakaa hivyo majuma kadhaa, kisha likafunguka lenyewe. Jinsi miguu ilivyokufa ganzi mwaka uliofuata mpaka mume akamrudisha nyumbani kwao. Jinsi miguu nayo ilivyoamka, Recho akalima na kucheza ngoma za mavuno, na sasa imelala tena. Alikuwa na miaka ishirini na sita tu.

"Mama," dokta akasema, akimgeukia Helena. "Katika ukoo wenu, kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua hivi? Jicho kuzimika na kurudi. Miguu kukataa, kisha kukubali."

"Hapana," Helena akajibu.

Alijibu upesi mno, kama mtu anayefunga mlango kwa teke. 

"Nauliza kwa sababu," dokta akaendelea, akivuta kiti karibu. "Mwili una askari wake. Kijidudu kikiingia, wanakipiga. Lakini askari atamjuaje mwenyeji na mgeni? Kuna alama. Mwili wako mzima umebeba alama, kama nyie mnavyopiga ng'ombe chapa. Alama hizo tunazirithi kwa baba na mama, ndani ya vitu vinavyoitwa jeni. Sasa ziko aina fulani za alama ambazo mtu akizaliwa nazo, askari wake wanakuwa wepesi kukosea. Wanaona ganda la mishipa ya fahamu, wanadhani ni mwizi. Wanalishambulia."

"Sungusungu wanampiga mwenye nyumba," Recho akasema.

Dokta akamtazama, akatabasamu kwa huzuni. "Hivyo hivyo, dada. Ndiyo maana jicho, ndiyo maana miguu, ndiyo maana hao nyuki. Askari wakichoka, mwili unajikarabati, unapata nafuu. Siku nyingine wanaanza tena. Mimi hapa sina mashine ya kupiga picha ya ubongo, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini ningeshangaa sana kama si ugonjwa huo. Kwa watu wetu ni nadra. Nimeuona kwa wachache tu."

"Kwa hiyo ni ugonjwa wa damu," Helena akasema. "Wa ukoo. Wote tutakufa nao."

"Hapana, mama, usinielewe hivyo. Anayerithi, anarithi alama, harithi ugonjwa. Wengi wana alama hizo na wanazeeka bila kuumwa hata kidole. Lazima mambo mengine yaongezeke, na mengi hata sisi hatuyajui. Ndugu wa mgonjwa anakuwa na hatari kidogo zaidi ya jirani yake. Kidogo."

"Anaye mdogo wake. Theopista. Anaolewa."

"Aolewe. Uwezekano mkubwa hataugua kamwe."

"Unaweza kuniapia?"

Dokta akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Siwezi."

Akaandika dawa ya kupunguza ukali wa shambulio, akawaeleza kwamba haiponyi kabisa, akawasihi mgonjwa asichomwe na jua kali. Kisha akasema kwamba kama katika ukoo angepatikana mtu mwingine wa namna ile, angependa sana kumwona. Recho alikuwa anavaa kandambili, amempa mama yake mgongo. Akasema polepole, bila kugeuka:

"Mama. Shangazi."

"Nyamaza," Helena akasema.

Shangazi huyo alikuwa Nyanzala, dada wa Method, mume wa Helena. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akikaa peke yake kwenye kibanda ng'ambo ya mashamba ya mpunga. Tangu zamani alitembea na fimbo. Jicho moja halikuona, kwa hiyo alipomtazama mtu aligeuza kichwa upande, na watu walisema anapima nyama, kama wafanyavyo wachawi. Lakini lililowatisha watu zaidi lilikuwa jambo jingine. Kuna miezi Nyanzala alitambaa kwa makalio mlangoni kwake, akahurumiwa na kuchotewa maji. Halafu, bila dawa wala mganga, angeonekana amesimama shambani anapalilia. Watu wakampa jina: kiwete wa mchana. Kiwete gani anapona mwenyewe? Basi usiku anatembea.

Recho alipoanza kuugua, akapona, akaugua tena, Mwamkulu nzima iliona ulemavu umetoka kwa mmoja ukaingia kwa mwingine. Nyanzala alisimama wima mwezi uleule ambao Recho alianguka. Na aliyekwenda kulisema hilo mbele ya baraza la sungusungu, walinzi wa kijiji, alikuwa Helena mwenyewe. Alisema kwa machozi, kama mama, na aliamini kila neno. Baraza likamtenga Nyanzala: asisalimiwe, asipewe moto, asichotewe maji. Lililobaki ni kumfukuza kijijini, na hukumu hiyo ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi hiyohiyo washenga wa Theopista walikuwa wanakuja kutoka Usevya. Mposaji, Josephat, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana mpole. Wazee wake walikuwa wameuliza kama inavyoulizwa siku zote: kwenu kuna kifafa? Kuna ukoma? Kuna uchawi? Habari za Nyanzala zilikuwa zimekwisha kuwafikia. Wakatamka wazi kwamba ukoo ukijisafisha, ng'ombe watakuja. Usipojisafisha, wasionane tena. Kwa hiyo walitaka kuona kwa macho yao Nyanzala akivuka mpaka wa kijiji.

Kila mtu alijua maana ya kuvuka mpaka ule. Bibi mmoja wa kijiji cha jirani alifukuzwa hivyo, akapokewa njiani na watu wenye mapanga. Hakuna aliyejua ni akina nani, na hakuna aliyeuliza.

Method aliwangoja nje ya hospitali na mkokoteni wa ng'ombe. Alimbeba Recho akamlaza juu ya magunia matupu, akamfunika kwa khanga usoni, jua lisimpige.

"Dokta kasemaje?" akauliza walipokwisha kupita nyumba za mwisho za Nsemulwa.

"Mishipa," Helena akasema. "Katoa dawa."

"Imetokana na nini?"

"Hakusema."

Chini ya khanga Recho alikohoa. Helena alijua kikohozi kile hakikuwa cha kifua. Aliingiza mkono akaushika mkono wa binti yake, akaufinya, naye Recho akautoa taratibu. Method akawachapa ng'ombe, akaanza kupiga mluzi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu dada yake atengwe hakuwa ametamka jina lake hata mara moja, ila alikuwa amekonda.

Jioni jumuiya ilikutana kwao kusali rozari, na zamu ya kuongoza ilikuwa ya Helena. Akaanza vizuri. Alipofika kwenye Baba Yetu, pale pa kusamehewa makosa, sauti ikakatika. Mama mmoja akadhani ni uchungu wa mtoto, akamshika bega na kuendeleza. Helena alibaki amepiga magoti, amefumba macho, na Mungu wake akamwonyesha shamba.

Lilikuwa shamba la karanga, zamani, yeye akiwa bi harusi mgeni anayeogopa kila mtu. Nyanzala alikuwa anapalilia kando yake, msichana mwenye nguvu na mdomo mwepesi. Ghafla akainama, akapiga kelele, akadondosha jembe. Kisha akacheka. "Wifi, usikimbie! Ni nyuki wangu hao. Nikiinamisha shingo tu, wananishuka mgongoni. Labda wanatafuta asali makalioni." Walicheka mpaka wakakaa chini.

Helena alikuwa amesahau kabisa. Au hakuwa amesahau. Hilo ndilo alilokuwa anamwuliza Mungu.

Asubuhi ya Jumamosi alichukua jembe kama anayekwenda shamba, akazunguka kwa nyuma ya mpunga. Nyanzala alikuwa amekaa nje ya kibanda chake, anafunga vitu vyake kwenye shuka. Hakukuwa na moshi. Alisikia hatua, akageuza kichwa upande, akamwona.

"Wifi," akasema. "Umekuja kuona kama nimebakiza kitu? Iko fimbo. Lakini fimbo nitaihitaji."

Helena alitaka kumsalimu, ulimi ukakumbuka marufuku. Akasimama kama gogo.

"Sema basi. Au kunitazama tu nako kunalipiwa faini?"

"Nyanzala," Helena akasema. "Wale nyuki wako. Bado wanashuka?"

Mwanamke yule akaacha kufunga shuka. "Nyuki wangu umewajulia wapi?"

"Shamba la karanga."

"Ee. Ukaniambia nijipake mafuta ya nyonyo." Akacheka kidogo, kisha uso ukabadilika. "Bado wanashuka. Kwa nini unauliza?"

"Na jicho. Lilianza lini?"

"Nilikuwa nalingana na Recho wako. Niliamka asubuhi naona nusu ya mlango. Likafunguka, likafunga tena, likabaki hivi. Miguu ikafuata. Inaenda, inarudi, kama mgeni asiye na adabu." Jicho lake zima likapanuka taratibu, na Helena akaona uso wake ukisawijika. "Wifi. Mtoto naye wanamshuka?"

Helena akaitikia kwa kichwa.

Nyanzala akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yakamtoka jicho hili na lile, bila kujali ni lipi linaona. "Mtoto wa watu," akasema. "Maskini, mtoto wa kaka yangu. Kumbe ni sisi. Kumbe ni ya kwetu." Hakusema hata neno moja la mpaka wala la baraza. Alilia tu kwa ajili ya Recho. Na Helena, aliyekuja akiwa amejiandaa kutukanwa, hakusikia tusi hata moja. Akageuka, akaondoka karibu anakimbia, jembe amelisahau palepale.

Alasiri watu walijaa uwanjani. Sungusungu walisimama na pinde zao. Kashinje, mkuu wao, alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya kutosha kuita mifugo ya kijiji kizima. Washenga walipewa viti mbele. Mkubwa wao, Bartolomeo, aliyekuwa katekista, alikaa amevua kofia. Theopista alikuwa nyuma pamoja na wasichana wenzake, amesuka upya, anajaribu kutotabasamu. Nyanzala alikaa chini, peke yake, pembeni ya gogo, furushi mapajani. Recho naye alikuwa ameletwa kwa mkokoteni ili watu wamwone.

Desturi yao ilikuwa kwamba mlalamikaji lazima arudie maneno yake mbele ya watu kabla hukumu haijatekelezwa. Akiyarudia, imekwisha.

"Mayu Helena," Kashinje akaita, akimwita mama kwa Kisukuma. "Simama useme."

Helena akasimama. Aliwaangalia washenga, akamwangalia Theopista. Akajiambia kwamba akisema maneno mafupi tu, yale yale ya zamani, binti yake ataolewa. Hakuna aliyekuwa anajua. Recho tu na Nyanzala, ambaye hakuna angemsadiki, na Recho alikuwa anamtazama bila kupepesa, hamsihi wala hamtishi. Akasali sala fupi kuliko zote alizopata kusali: Bwana, nisaidie. Kisha akafungua kinywa akiwa bado hajui kitakachotoka.

"Nilisema uongo," akasema.

Uwanja ukavuma. Kashinje akainua mkono.

"Sikujua kuwa ni uongo. Nyanzala hakumroga mtoto wangu. Mtoto wangu ana ugonjwa, na Nyanzala ana ugonjwa uleule, tangu mimi sijazaa. Jicho lilelile, miguu ileile. Dokta amenieleza. Kinga ya mwili inampiga mwenye mwili. Inalala, ndipo anapona. Inaamka, ndipo anaanguka. Hatembei usiku. Ni mgonjwa."

"Kalogwa huyo!" sauti ikapazwa kutoka nyuma. "Mtazameni, kafungwa ulimi!"

"Tangu lini aliyefungwa ulimi akasema maneno mengi hivi?" Recho akajibu kutoka mkokotenini, na watu wachache wakacheka kwa woga.

Method alikuwa amesimama na wanaume. Alimtazama mkewe kama anayemwona mtu mgeni nyumbani kwake. "Ulijua tangu Alhamisi," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuuliza njiani."

"Uliniuliza," Helena akasema. 

Ndipo Bartolomeo alipoinuka, kofia mkononi. "Mama yangu. Nataka nielewe vizuri, maana nitaulizwa. Ugonjwa huu uko ndani ya ukoo?"

"Ndiyo, baba."

"Unarithiwa?"

"Zinarithiwa alama zake. Dokta amesema wengi wanazo na hawaugui mpaka wanazeeka."

"Na binti yetu huyu?"

Kila kichwa kikamgeukia Theopista. Msichana alikuwa amesimama mdomo wazi, mkono mmoja juu ya nywele zake mpya, kama mtu aliyemwagiwa maji usingizini.

"Huenda asiugue kabisa," Helena akasema. "Lakini dokta hakuniapia, na mimi siwezi kukuapia, baba."

Bartolomeo akaigeuzageuza kofia mikononi. Kisha akavaa kofia. "Umesema kweli, na kweli hii ni nzito. Mimi siwezi kuikubali wala kuikataa hapa. Nitampelekea Josephat maneno yako kama yalivyo, aamue na wazee wake." Akawaashiria wenzake. Washenga wakaondoka, hawakugusa hata maji waliyowekewa, na baiskeli zao zikasikika zikigongagonga kwenye mawe ya barabara ya Usevya.

Kashinje alijikuna kidevu. Alikuwa amejiandaa kufukuza mtu, na sasa hana wa kumfukuza. Alishauriana na wenzake, wakabishana kwa Kisukuma cha haraka, mmoja akatema mate na kuondoka. Mwishoni akasema kwamba kesi bila mlalamikaji haipo, marufuku imeondolewa, na Helena atatoa faini ya ng'ombe kwa kulidanganya baraza. Wengine walitawanyika wakinung'unika. Wengine walimpita Nyanzala kwa mbali kama jana, kwa sababu hakuna amri ya kuondoa hofu kwa siku moja.

Helena alimfuata Theopista. "Mwanangu," akasema.

"Usinishike."

"Nisingeweza kuyarudia, mwanangu. Wangemwua."

"Najua!" Theopista akapiga kelele. "Najua wangemwua! Unadhani mimi sijui? Lakini ungeniambia kwanza. Mimi. Kabla ya Mwamkulu nzima." Aliangalia mikono yake, akaigeuza, kama anayetafuta kitu kilichoandikwa ndani ya ngozi. Akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akafumba la kulia.

Helena alipomwona anafanya hivyo, akajua kwamba ataendelea kufanya hivyo kila asubuhi ya maisha yake, na kwamba ni yeye mama yake aliyempa hofu hiyo. Hakuwa na sala ya jambo hilo.

Theopista akamwacha pale. Hakwenda kwa wenzake, wala hakwenda nyumbani. Alivuka uwanja uliokuwa umebaki mtupu, mpaka kwenye gogo, alikokuwa bado amekaa shangazi yake na furushi lake. Method naye alikuwa amefika, amechuchumaa mbele ya dada yake. Msichana akasimama juu yao. Kwa muda mrefu alimtazama yule mwanamke, jicho lisiloona, miguu iliyonyooshwa vumbini, fimbo, kama mtu anayetazama njia asiyojua kama ni yake.

"Shangazi," akasema. "Siku ya kwanza inakuwaje? Niambie. Nataka kujua."

Nyanzala akageuza kichwa upande, akamtazama. Alishusha furushi chini, akashika gogo, na kwa taabu akajiinua akakaa juu yake. Kisha akasogea, akamwachia nafasi ya kukaa kando yake.